Waya wa Njia Moja: Umeme wa Bujumbura, kutoka Ruzizi hadi Mapaa ya Carama

Mwaka 1958, Bujumbura ikiwa bado inaitwa Usumbura, maji ya Ziwa Kivu yalianza kuiwashia taa. Pale mto Ruzizi unapotoka ziwani, karibu na Bukavu, Wabelgiji walijenga kituo cha Ruzizi ya Kwanza, na kutoka hapo wakavuta waya kulifuata bonde mpaka kwenye mji uliokuwa ukikua kando ya Tanganyika. Maji yalishuka, umeme ukashuka nayo. Mpango mzima wa umeme wa mji huu ulijengwa juu ya msingi huo: yuko anayezalisha huko juu, na yuko anayepokea huku chini, na kazi ya anayepokea ni kulipa. Zaidi ya miaka 60 imepita. Ukitaka kuelewa kwa nini ni vigumu kwa nyumba ya Carama yenye paneli juu ya bati kuirudishia gridi hata yuniti moja na kulipwa haki yake, itakubidi uanzie Ruzizi, wala si dukani kwa muuza sola.

Waliopokea mwanzo hawakuwa wengi. Bandari, ofisi, viwanda na nyumba za Wazungu vilitangulia. Mitaa kama Buyenzi na Bwiza, walikokaa Waswahili na vibarua wa mji, ilifuata nyuma kwa kusuasua. Shirika la maji na umeme, Regideso, lilirithi jina lake na desturi zake kutoka utawala wa Kibelgiji, na baada ya uhuru wa 1962 likabaki mlango pekee kwa yeyote aliyetaka taa ya gridi.

Jamhuri changa haikukaa bure, na hilo lisisahauliwe. Miaka ya 1980 ndiyo miaka mikubwa ya umeme wa Burundi. Mwaka 1982 kituo cha Mugere, chenye megawati 8, kilianza kazi kusini mwa Bujumbura. Mwaka 1983 Burundi, Rwanda na Zaire zikaunda kampuni ya pamoja, SINELAC, iliyojenga Ruzizi ya Pili na kuiwasha mwaka 1989. Kati ya vituo hivyo, mwaka 1986, likaja bwawa la Rwegura, megawati 18, kwenye mto Gitenge katika msitu wa Kibira. Rwegura ina ziwa la akiba: maji yake yanaweza kuzuiwa leo yakatumika kesho, jambo lisilowezekana kwenye vituo vidogo vinavyotegemea mto unavyopita. Tutalirudia ziwa hilo, maana kwa maoni yangu ndilo lenye ufunguo wa mapaa ya Carama.

Kisha vita. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa, na nchi ikaungua. Mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama, ilihamwa na kubomolewa. Minara ya kupitishia umeme iliangushwa, na mji mzima ukalala gizani. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 majirani waliiwekea Burundi vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Mafuta na vipuri vikawa vya kutafutwa kwa tochi. Tangu Rwegura, nchi ilikaa zaidi ya miaka 30 bila kumaliza bwawa jingine kubwa la kwake ndani ya mipaka yake. Kizazi kizima kilizaliwa, kikasoma, kikaoa na kujenga nyumba, kikitegemea mitambo ileile ya wazee wake.

Carama ni mtaa wa kizazi hicho. Uko kaskazini mwa mji, upande wa Kinama, katika komini ya Ntahangwa. Mapigano yalipotulia Bujumbura ilikuwa imefurika watu, na haikuwa na pa kupanukia ila kwenye tambarare ya kaskazini. Viwanja vikapimwa, watu wakajenga chumba kimoja kimoja kadiri mshahara ulivyoruhusu. Nguzo zilikuja, nyumba nyingine zikaunganishwa, nyingine zikasubiri. Lakini nguzo haizalishi umeme. Kila mtaa mpya uliounganishwa uligawana umeme uleule wa miaka ya 1980, na mvua zilipopungua, maji ya Rwegura yaliposhuka, hesabu ilikataa waziwazi. Ndipo delestaji, yaani mgao wa umeme, ilipokuwa sehemu ya ratiba ya nyumba: leo upande huu, kesho upande ule, na mara nyingine pande zote.

Dawa ya kwanza ilikuwa jenereta. Wenye uwezo walinunua za kwao, na nchi nayo ikafanya vivyo hivyo kwa kipimo kikubwa: mwaka 2017 kituo cha dizeli cha megawati 30 kilikodishwa kuusaidia mji. Dizeli huwasha taa haraka, hilo ni kweli. Lakini Burundi haina kisima cha mafuta wala bandari ya bahari; kila lita huja kutoka mbali na hulipiwa kwa dola. Dola zilipokauka miaka ya karibuni, foleni kwenye vituo vya mafuta zikawa za siku nzima, na jenereta iliyokuwa fahari ya boma ikabaki chuma kizito pembeni ya ukuta. Paneli zikapanda juu ya bati. Hazikupandishwa kwa mapenzi ya mazingira, ingawa mazingira yanafaidika. Zilipandishwa na watu waliochoka kuikimbilia friji na ndoo ya barafu.

Bei iliyoziwezesha paneli hizo kufika Carama ina historia yake, na historia hiyo ndiyo hasa historia ya kuuza umeme wa nyumbani.

Mwaka 1979, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, jengo la nyumba za kupanga na nyumba moja ya majaribio ya sola viliunganishwa kwenye gridi. Mita za wakati ule zilikuwa na kisahani cha chuma kinachozunguka kwa nguvu ya umeme unaopita. Umeme ulipoingia kilizunguka mbele, na jua lilipozidi mahitaji ya nyumba, kilizunguka nyuma. Hakuna aliyekibuni kwa ajili hiyo. Ni maumbile tu ya chombo. Mwisho wa mwezi mita ilikuwa imetoa yenyewe, na mwenye nyumba akalipia tofauti. Mwaka mmoja kabla, 1978, Rais Jimmy Carter alikuwa ametia saini sheria iliyozilazimisha kampuni za umeme kununua kutoka kwa wazalishaji wadogo. Mwaka 1983 jimbo la Minnesota likaandika sheria ya kuutambua mzunguko huo wa kurudi nyuma, kwa mitambo ya chini ya kilowati 40.

Marekani ilifungua mlango, ila Ujerumani ndiyo iliyoingiza umma. Sheria yao ya 1990 iliziamuru kampuni kuununua umeme wa jua na upepo kwa asilimia 90 ya bei ya rejareja. Kwa upepo ilitosha. Kwa jua haikutosha, maana paneli za wakati ule zilikuwa ghali mno. Wananchi wa mji wa Aachen wakadai jambo lililoonekana la kichaa: mwenye paa alipwe gharama yake yote, pamoja na faida ndogo, kama anavyolipwa mwenye kinu cha makaa. Kampuni zilipinga. Mji mdogo wa Hammelburg huko Bavaria ukathubutu mwaka 1993, na diwani wake, Hans-Josef Fell, alipofika bungeni alishirikiana na mbunge mwenzake Hermann Scheer kuigeuza hoja ya mji mdogo kuwa sheria ya taifa. Kuanzia Aprili 2000, kila yuniti ya jua ililipwa karibu pfennig 99, na bei hiyo iliandikwa kwenye mkataba wa miaka 20.

Miaka 20. Hapo ndipo siri ilipolala, kuliko hata kwenye ukubwa wa bei. Mkulima wa Bavaria alikwenda benki na karatasi inayosema atalipwa kiasi gani mpaka mtoto wake atakapokuwa mtu mzima, na benki ikamkopesha. Mamilioni ya paneli yakapandishwa katika nchi yenye mawingu. Viwanda vikaongezeka Ujerumani, kisha China ikaviongeza mara dufu na zaidi, na ndani ya muongo mmoja bei ya paneli ikaanguka kwa takriban asilimia 90. Mjerumani aliyelipa nyongeza kwenye bili yake ya umeme kwa miaka yote hiyo alimlipia pia, bila kumjua, mwalimu wa Carama anayenunua paneli leo mjini. Ni deni la kihistoria ambalo sisi Afrika Mashariki tumelipokea kama zawadi, na zawadi hii tunaitumia nusu. Tumechukua paneli, tukauacha mkataba.

Si kwamba hakuna aliyejaribu huku kwetu. Mwaka 2007, juu ya mlima Jali unaoutazama mji wa Kigali, Wanyarwanda na washirika wao kutoka Mainz, Ujerumani, waliunganisha kwenye gridi mtambo wa kilowati 250. Mwaka 2011 Nairobi ikapata jengo jipya la Umoja wa Mataifa pale Gigiri, lenye kilowati 515 juu ya paa lake. Chuo Kikuu cha Strathmore kikafunga kilowati 600 mwaka 2014, kisha kikatafuta mkataba wa kuiuzia Kenya Power ziada yake. Fikiria chuo kizima, chenye wanasheria na wahandisi wake, kikilazimika kufuata taratibu zilizoandikwa kwa ajili ya mabwawa na mitambo ya mvuke wa ardhini. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu angezianzia wapi?

Tanzania iliandika kanuni zake za kupima umeme wa pande mbili mwaka 2018. Kenya iliweka haki hiyo ndani ya Sheria ya Nishati ya 2019, ikasubiriwa miaka mitano mpaka kanuni zikatoka mwaka 2024. Kwa kanuni hizo, nyumba yenye umeme wa fezi moja inaweza kuunganisha hadi kilowati 4, yenye fezi tatu hadi kilowati 10. Halipwi mtu fedha taslimu. Kila yuniti inayotolewa humrudishia mwenyewe nusu ya yuniti kwenye hesabu yake. Nusu nyingine ni ya kampuni, kwa ajili ya nguzo, waya na transfoma. Wako waliolalamika kwamba nusu ni dhuluma. Mimi naiona nusu iliyoandikwa kuwa bora kuliko nzima inayoahidiwa kwa mdomo.

Burundi nayo ilisogea. Tarehe 23 Aprili 2015 ilitoka sheria iliyoipanga upya sekta ya umeme na kuwafungulia wazalishaji binafsi. Wiki hiyohiyo nchi iliingia kwenye msukosuko wa kisiasa wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, na wawekezaji wakafunga mifuko. Kampuni ya Gigawatt Global, iliyokuwa imejenga Rwamagana, Rwanda, mtambo wa megawati 8.5, ilikuwa na mpango kama huo kwa Burundi. Mpango ulikaa miaka. Hatimaye, Oktoba 2021, Rais Évariste Ndayishimiye alizindua mtambo wa Mubuga, mkoani Gitega, megawati 7.5, mtambo wa kwanza wa jua kuunganishwa kwenye gridi ya taifa. Regideso huununua umeme wake kwa mkataba wa miaka 25.

Kwa hiyo Regideso tayari ni mnunuzi wa jua. Jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa. Hoja kwamba gridi yetu haiwezi kupokea jua ilikwisha siku ile Mubuga. Megawati 7.5 ni sawa na mapaa 2,500 yenye kilowati 3 kila moja. Mapaa yapo, na mengine tayari yana paneli. Tofauti ni kwamba Mubuga ina karatasi yenye saini, na Carama haina.

Tuiangalie basi nyumba hiyo ya Carama kwa karibu, maana mambo ya kiufundi ndiyo yanayotumiwa mara nyingi kuwanyamazisha watu. Kilowati 3 za paneli, kwa siku ya jua zuri, zinaweza kutoa yuniti zipatazo 12. Mchana baba na mama wako kazini, watoto shuleni. Nyumba ina friji, labda redio na chaja za simu. Betri hujaa kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo jua linaendelea kuwaka juu ya bati na paneli hazina pa kuupeleka umeme wake, kwa hiyo inveta inazibana. Hakuna kinachoungua wala kuharibika. Umeme unakosa tu kuzalishwa. Nyumba ya pili, ng'ambo ya barabara, wakati huohuo imekatiwa umeme na fundi cherehani amekaa amekunja mikono.

Kwa nini usivuke barabara? Kwanza, mita. Mita za kulipia kabla, Cashpower kama zijulikanavyo mjini, zilinunuliwa kwa kazi ya upande mmoja. Nyingi za aina hiyo hazitambui umeme unaelekea wapi. Ukiusukuma nje, zinaweza kuuhesabu kama ulioutumia na kuukata kwenye salio lako. Mwenye nyumba atakuwa ametoa umeme, kisha ametozwa kwa kuutoa. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na hapa daftari ni mita inayosoma pande zote mbili.

Pili, usalama. Inveta ya kuunganisha na gridi imeundwa ijizime mara gridi inapokatika, na ni lazima iwe hivyo. Fundi wa Regideso aliyepanda nguzo akijua kwamba laini imezimwa asikutane na umeme unaotoka kwenye paa la mtu. Maisha ya fundi huyo hayana mjadala. Lakini maana yake ni hii: aliyefunga inveta ya kuuzia peke yake, bila betri, atakaa gizani delestaji ikija hata jua likiwa utosini. Carama itahitaji inveta za aina mbili kwa moja, zinazoweza kujitenga na gridi na kuendelea kuihudumia nyumba. Zipo, na zinauzwa. Bei yake iko juu, na ndiyo maana bila mkataba wa muda mrefu hakuna benki itakayomkopesha mtu.

Tatu, na hapa wataalamu wengi wananyoosha kidole, saa za matumizi. Bujumbura hutumia umeme mwingi zaidi jioni, giza likiingia, watu wakirudi na kuwasha kila kitu. Jua limezama. Umeme wa mchana una faida gani basi?

Jibu liko Rwegura. Kila yuniti ambayo mapaa ya mji yanaipatia gridi saa saba mchana ni yuniti ambayo Rwegura haikulazimika kuizalisha saa hiyo. Maji yanabaki ziwani. Saa moja jioni yanafunguliwa. Betri kubwa ya Burundi ilijengwa mwaka 1986 na imekaa Kibira miaka yote hii. Tena majira yanatusaidia: kuanzia Juni hadi Septemba, mito inapopungua na ziwa linapopaswa kubaniwa, ndipo anga la Bujumbura linapokuwa jeupe na paneli zinapofanya kazi vizuri. Nchi chache zimejaliwa jua na maji yanayopokezana namna hii.

Ipo hoja moja inayoninyima usingizi, na sitaipitia juu juu. Mwenye paneli Carama ni mwenye nafuu. Akinunua umeme kidogo kutoka Regideso na kuuza mchana, nani atalipia nguzo na transfoma? Isije ikawa ni jirani asiye na paneli. California iliuona mgogoro huu ikiwa na mapaa zaidi ya milioni moja, na Aprili 2023 ikapunguza malipo kwa wateja wapya kwa karibu robo tatu. Waliokuwa wakipanga kufunga sola walilia, na mafundi wengi wakakosa kazi. Katika nchi ambako takriban watu tisa kati ya kumi hawana umeme wa gridi kabisa, haki ya jirani huyo ina uzito mkubwa zaidi. Ndiyo sababu nasema nusu ya Kenya ni mahali pazuri pa kuanzia: mwenye paa apate nusu, nusu nyingine iende kwenye kuvuta waya hadi kwa asiyeunganishwa, na iandikwe hivyo.

California ilichelewa kurekebisha kwa sababu mapaa yalikuwa yamekuwa mengi na kila badiliko likamuumiza mtu. Burundi haijafika huko. Kanuni ikiandikwa sasa, wakati mapaa yenye paneli ni machache, haitamnyang'anya mtu chochote alichokwisha kukipata.

Basi ombi langu ni kwa wizara ya nishati, kwa AREEN iliyopewa kazi ya kuidhibiti sekta hii, na kwa Regideso yenyewe. Chagueni transfoma moja ya Carama. Wawekeeni wateja wake wenye paneli mita za pande mbili, pimeni kwa mwaka mzima, kiangazi na masika, na yatangazeni matokeo kwa Kirundi na Kiswahili ili kila mwenye bati ayasome. Kisha andikeni bei, muiwekee muda usiopungua miaka kumi. Sheria ya 2015 ilifungua mlango kwa wenye mitaji. Wenye nyumba wa Carama wanangoja kanuni ya kuwaingiza.